Jina la Kanisa Linatoka Wapi: Kutoka Makaburi ya Roma hadi Ufuo wa Malindi

Waheshimiwa viongozi wa dini, masheikh wetu mlioitikia mwaliko, mapadre, wachungaji na makatekista, wazee wa mji, kina mama, walimu na vijana wetu: assalamu alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nieleze jinsi makanisa yalivyopata kuitwa kwa majina ya watakatifu, na kwa nini kanisa moja liwe la Mtakatifu Antoni, la pili la Mtakatifu Paulo, na la tatu lisiwe la mtakatifu yeyote. Ni swali ambalo watoto wa katekesimu huuliza na ambalo sisi watu wazima tumezoea kulijibu kwa haraka, tukisema kwamba askofu ndiye aliyechagua. Askofu huchagua kweli, lakini yeye naye huchagua ndani ya desturi yenye umri wa karne nyingi, na desturi hiyo ilianzia kaburini. Nitashikilia neno hilo tangu mwanzo hadi mwisho: kanisa lilipewa jina la mtu kwa sababu mwili wa mtu huyo ulikuwa pale, au ulikuwa karibu, au kuna kitu chake kilicholetwa pale kutoka mbali. Namna nyingine zote za kutaja makanisa zimeota juu ya mzizi huo.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa maana ya kaburi linaloheshimiwa. Kando ya Msikiti wa Juma hapa Malindi yamesimama makaburi ya minara ambayo kila mtoto wa mji ameyaona, na kule Takwa, kisiwani Manda, liko kaburi la mnara ambalo watu wa Shela wameliendea kwa ziara na dua kizazi baada ya kizazi, ingawa mji wenyewe ulihamwa zamani. Sisemi kwamba mambo haya na yale ya Wakristo wa kwanza ni kitu kimoja, kwa maana kila dini ina mafundisho yake na mipaka yake. Nasema tu kwamba anayejua jinsi mahali panavyoweza kushikwa na kumbukumbu ya marehemu mmoja, hata mji ukifa na kumbukumbu ikabaki, ataelewa kwa urahisi yaliyotokea nje ya kuta za Roma.

Katika karne tatu za mwanzo Wakristo hawakuwa na majengo makubwa ya ibada. Walikutana katika nyumba za watu, na kila nyumba ilijulikana kwa jina la mwenyewe, kama sisi tunavyosema kwa Bwana fulani au kwa Bibi fulani. Kwa hiyo Roma palikuwa na nyumba ya Klementi, nyumba ya Pudensi, nyumba ya Sesilia, nyumba ya Anastasia, na majina hayo yalikuwa ya kisheria kabisa, ya umiliki wa kiwanja na jengo. Upo ushahidi mzuri sana wa jambo hili. Mapadre wa Roma walipotia sahihi zao katika sinodi ya mwaka 499, wengi wao walitaja makanisa yao kwa jina tupu la mwenye nyumba; na mapadre waliotia sahihi katika sinodi ya mwaka 595, takribani karne moja baadaye, waliandika neno "mtakatifu" mbele ya majina hayohayo. Nyumba ya Klementi imekuwa kanisa la Mtakatifu Klementi. Waumini walikuwa wamesahau mwenye kiwanja, au walikuwa wamemwunganisha na mtu mashuhuri mwenye jina lile, huyu akiwa Papa Klementi wa karne ya kwanza. Naliona jambo hili kuwa la kutafakariwa kwa makini, kwa sababu linaonyesha kwamba jina laweza kutangulia na utakatifu ukafuata. Tutakutana nalo tena hapahapa Malindi.

Wakati huohuo, nje ya mji, kulikuwa na makaburi. Sheria ya Kirumi ilikataza kuzika ndani ya kuta, na hivyo wafiadini walilazwa kandokando ya barabara kuu zilizotoka mjini. Shemasi Laurenti aliuawa tarehe 10 Agosti mwaka 258 akazikwa kando ya barabara ya kuelekea Tivoli. Mtume Petro alizikwa kwenye mteremko wa Vatikano. Jamaa na waumini walikwenda makaburini siku ya kumbukumbu ya kifo, wakasali, wakala pamoja, na walipopata uhuru chini ya Kaisari Konstantino katika karne ya nne, majengo makubwa yalijengwa juu ya makaburi yaleyale. Kwa Petro kazi ilikuwa ngumu ajabu, kwani mteremko ulibidi ukatwe upande mmoja na kufukiwa upande wa pili ili altare ikae juu ya kaburi lenyewe. Mjenzi anayetaka urahisi angetafuta uwanja tambarare. Wao walifuata kaburi. Na jengo lililosimama juu ya kaburi la Petro lingeitwaje, kama si la Petro? Hakuna kamati iliyoketi kuchagua.

Tatizo lilizuka kwa miji isiyokuwa na mfiadini. Mwaka 386 Askofu Ambrosi wa Milano alikuwa amemaliza kujenga kanisa jipya, na watu wakamtaka alitabaruku, yaani aliweke wakfu, kwa namna ileile aliyolitabaruku kanisa jingine la mjini. Akajibu kwamba atafanya hivyo akipata masalia ya wafiadini, yaani mabaki ya miili yao. Akachimba mahali alipopahisi, akakuta mifupa ya watu wawili, Gervasi na Protasi, akaihamisha kwa maandamano makubwa na kuilaza chini ya altare. Tangu hapo njia ikafunguka: ikiwa kanisa haliwezi kwenda kaburini, kaburi lije kanisani. Masalia ya Stefano, yule shemasi wa kwanza, yalitangazwa kupatikana karibu na Yerusalemu mwaka 415, na katika miaka michache sehemu zake zilikuwa zimefika ng'ambo ya bahari hadi Hippo, katika Algeria ya leo, kwa Askofu Augustino. Ndiyo sababu makanisa ya Stefano yako kila mahali. Jina lilisafiri kwa sababu kuna kitu kilichobebwa mkononi.

Hapa nataka Afrika ipewe haki yake, maana mara nyingi historia hii husimuliwa kana kwamba sisi tulipokea tu. Afrika ya Kaskazini ilikuwa na wafiadini wengi kuliko nchi nyingi, Askofu Sipriani wa Karthago akiwa kinara wao, aliyeuawa mwaka uleule wa Laurenti. Ni maaskofu wa Afrika hao, walipokutana Karthago mwaka 401, walioona hatari mapema: watu walikuwa wakijenga altare mashambani na njiani kwa sababu ya ndoto au ufunuo wa mtu mmoja, pasipo mwili wala masalia ya mfiadini. Mkutano ukaamua kwamba altare za namna hiyo zibomolewe, na pale ambapo ghasia za watu zingezuia kubomoa, basi waumini waonywe wasizizoee. Augustino naye alisisitiza kwamba Wakristo hawawajengei wafiadini mahekalu kama vile ni miungu. Wanajenga mahali pa kuwakumbuka, na sadaka inatolewa kwa Mungu peke yake, aliye Mungu wa wafiadini pia. Maneno haya yana uzito hata leo, hasa katika mji kama wetu, ambamo jirani Mwislamu ana haki ya kuuliza iwapo nyumba ya ibada iliyoandikwa jina la mtu ni ya mtu huyo au ni ya Mungu. Jibu la Kanisa limekuwa hilohilo tangu Afrika ya karne ya nne na ya tano: kila kanisa hutabarukiwa kwa Mungu, nalo huchukua jina la mtakatifu kwa kumbukumbu na kwa maombezi.

Desturi ya masalia ilikazwa kuwa sheria. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa pili wa Nisea, mwaka 787, uliagiza kwamba makanisa yaliyotabarukiwa bila masalia yawekewe, na askofu atakayetabaruku kanisa bila masalia aondolewe katika cheo chake. Hadi leo, mahali ambapo masalia yanawekwa, hufukiwa chini ya altare kabla askofu hajaipaka Krisma, yaani mafuta matakatifu. Waliowahi kuhudhuria kutabarukiwa kwa kanisa wanakumbuka jinsi askofu anavyovua joho la juu, akamimina mafuta katikati ya altare na kwenye pembe zake nne, akayasambaza kwa kiganja mpaka meza yote inang'aa, kisha akaenda kwenye kuta akazipaka mahali penye misalaba, kumi na miwili au minne. Litania ya watakatifu huimbwa katika ibada hiyo, na jina la yule ambaye kanisa litaitwa kwake huingizwa humo. Taratibu za sasa zinasema wazi kwamba masalia yasiyo na uhakika yasitumike, kwa kuwa ni heri altare isiwe nayo kabisa. Kwa maoni yangu hiyo ni sauti ya Karthago inayosikika tena baada ya miaka zaidi ya elfu moja na mia tano.

Yapo majina ambayo hayakuhitaji kaburi. Bikira Maria hana kaburi lenye mwili, na malaika hawana mwili hata kidogo. Baada ya Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 kumtangaza Maria kuwa Mama wa Mungu, Papa Sisto wa Tatu alimjengea Roma kanisa kubwa ambalo bado limesimama, na majina yake yakaenea upesi kuliko ya mtakatifu mwingine yeyote. Malaika Mikaeli alipewa makanisa ya mlimani, tangu Gargano kule Italia. Kanisa kuu la Konstantinopoli, lililokamilika mwaka 537, lilipewa jina la Hekima Takatifu, yaani Kristo mwenyewe. Kwa ndugu zetu wa Ethiopia jina linakaa katika taboti, bamba takatifu linalowekwa patakatifu pa ndani, nalo ndilo linaloamua kama kanisa ni la Maria, la Mikaeli au la Giorgis.

Sasa tuje baharini, maana majina ya watakatifu yalifika kwetu kwanza yakiwa yameandikwa kwenye meli. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, jahazi lake kuu liliitwa kwa jina la Malaika Gabrieli na la pili kwa jina la Malaika Rafaeli. Hilo la pili lilichomwa moto na mabaharia wenyewe mwezi Januari mwaka 1499, baada ya kuondoka hapa katika safari ya kurudi, kwa kuwa watu waliobaki hai walikuwa wachache mno kuliendesha. Wareno walikuwa na desturi ya kuipa nchi jina la siku waliyoiona. Natal ya Afrika Kusini ilipata jina kwa sababu waliipita wakati wa Krismasi ya mwaka 1497. Kisiwa cha Madagaska walikiita cha Mtakatifu Laurenti, kwa sababu Diogo Dias alikiona tarehe 10 Agosti 1500. Tazameni safari ya jina hilo: shemasi aliyezikwa kando ya barabara ya Roma anakuwa tarehe katika kalenda, na tarehe inakuwa jina la kisiwa kilicho jirani yetu, mahali ambapo hakuna kaburi wala masalia yake. Kalenda ilikuwa imechukua nafasi ya mwili. Makanisa mengi ya kimisionari, hapa na kwingineko, yalipata majina kwa njia hiyo ya siku.

Nimefika kwenye kile kikanisa kidogo cha ufuoni, chenye kuta nyeupe za chokaa na paa la makuti, katikati ya makaburi, ambacho wengi wetu hukipita kila siku na ambacho huhesabiwa miongoni mwa majengo ya Kikristo ya kale zaidi katika Afrika Mashariki. Tunakiita cha Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Yeye aliondoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35, akakaa miezi mingi kisiwani Msumbiji akiwauguza wagonjwa wa meli, na mwaka 1542 akapita Malindi akielekea Goa, alikofika tarehe 6 Mei. Katika barua aliyoandika kutoka Goa mwezi Septemba mwaka huo, alieleza kwamba mtu mmoja wa melini alifariki akazikwa hapa, na kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na jinsi Wakristo wanavyowazika wafu wao. Alieleza pia kuwa mzee mmoja wa heshima wa Malindi alimwuliza kama makanisa ya Wareno hujaa watu, huku akisikitika kwamba katika mji huu ilikuwako misikiti 17 na mitatu tu ndiyo iliyohudhuriwa. Wakazungumza juu ya kupungua kwa ibada, kila mmoja akiwa na maelezo yake.

Ninawaomba mlitazame jambo hili kwa utulivu. Mtu aliyesimama kwenye makaburi yale mwaka 1542 alikuwa padre msafiri mwenye vumbi la njia, asiyejulikana na mtu yeyote mjini. Alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, pwani ya China, na mwili wake ukapelekwa Goa, ulipo hadi leo. Alitangazwa mtakatifu tarehe 12 Machi 1622, siku moja na Ignasi wa Loyola, Teresa wa Avila, Filipo Neri na Isidori mkulima. Kwa hiyo jina la Ksaveri halikuweza kuwekwa juu ya mlango wa kanisa lolote kabla ya kupita miaka 80 tangu apite hapa, na kufikia wakati huo Wareno walikuwa wamehamia Mombasa, Ngome ya Yesu ilikuwa imeanza kujengwa mwaka 1593, na Malindi ilikuwa imenyauka. Kilichobaki ni kumbukumbu ya kwamba alipita, akazika, akazungumza na mwenyeji. Mwili wake hauko hapa. Kaburi lililoleta jina ni la baharia mmoja asiye na jina, aliyezikwa kwa heshima hata wenyeji wasiokuwa wa dini yake wakapendezwa. Nikiulizwa ni kanisa gani katika pwani yote lina jina lenye sababu nzito zaidi, nitataja hili bila kusita.

Majina mengine ya pwani yana mantiki nyingine, ambayo ni ya wale walioyaleta. Kanisa kuu la Mombasa ni la Roho Mtakatifu kwa kuwa lilijengwa na Mababa wa Roho Mtakatifu, na shirika huacha alama yake kwa namna hiyo. Malindi ilipofanywa jimbo tarehe 2 Juni 2000, kwa kumegwa kutoka Mombasa na Garissa, askofu wake wa kwanza, Francis Baldacchino, alikuwa Mkapuchini kutoka Malta, na kanisa kuu ni la Mtakatifu Antoni. Antoni wa Padua alikuwa Mfransisko, wa familia moja ya kitawa na Wakapuchini. Waanglikana wa Rabai wana Mtakatifu Paulo, mtume wa mataifa, jina linalofaa mahali ambapo wamisionari Krapf na Rebmann walianzia kazi. Kwa kuwa Waanglikana hawana utaratibu wa kuwatangaza watakatifu wapya kama ule wa Roma, kanisa lao kuu la Mombasa lilijengwa kuwa ukumbusho wa Askofu James Hannington, aliyeuawa mwaka 1885, na wengine, pasipo kumwita Hannington mtakatifu. Nako Nairobi, Wapresbiteri, ambao mapokeo yao hayana mazoea makubwa ya majina ya watakatifu, wana kanisa la Mtakatifu Andrea, kwa sababu Andrea ni somo, yaani mtakatifu mlinzi, wa Uskoti walikotoka waanzilishi.

Sheria ya sasa ya Kanisa Katoliki ni fupi: kila kanisa liwe na jina lake, na likishatabarukiwa jina hilo haliwezi kubadilishwa. Jina laweza kuwa la Utatu Mtakatifu, la Kristo, la Roho Mtakatifu, la Maria, la malaika, au la mtakatifu aliyemo katika orodha rasmi ya Kanisa. Mwenyeheri, ambaye hajafikia daraja la utakatifu, huhitaji ruhusa ya Roma. Kwa kawaida ni jina moja tu, isipokuwa kwa watakatifu wanaokumbukwa pamoja. Siku ya somo huadhimishwa mahali pale kwa daraja la juu kabisa la sikukuu. Wengi wenu mnajua maana yake kwenye vigango vyetu vya ndani, yale makanisa madogo ya parokia: misa ndefu, kayamba, masufuria ya pilau chini ya mwembe, na wageni kutoka vigango jirani waliotembea tangu alfajiri.

Nimesema jina haliwezi kubadilishwa, na ndiyo sababu uchaguzi wake unanigusa. Katika kaunti za Kilifi, Tana River na Lamu vigango vipya vinaendelea kufunguliwa, na nimeona mara nyingi jina likichukuliwa kutoka kwa mfadhili wa ng'ambo aliyetaka somo wa kijiji chake akumbukwe. Sina chuki na mfadhili, wala mtakatifu wa kijiji cha Ulaya hana kosa. Lakini tunao wengine walio karibu nasi. Tunao Karoli Lwanga, Kizito na wenzao, vijana wa Buganda waliouawa kati ya 1885 na 1887, na 22 kati yao, Wakatoliki, wakatangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Tunaye Yosefina Bakhita, msichana wa Darfur aliyetekwa utotoni, akauzwa na kuuzwa tena, akafariki huko Schio, Italia, tarehe 8 Februari 1947, mtawa huru, akatangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, mwaka uleule wa jimbo letu. Katika pwani ambayo watumwa walipitishwa kwa maelfu, na ambamo wajukuu wao wanaketi kwenye viti vya ukumbi huu, mnaweza kufikiria jina la kumkaribia zaidi mtu wa hapa kuliko la Bakhita? Ikiwa jina lilianzia pale palipolala mwili wa mtu aliyejulikana na watu wa mahali pale, basi kumchagua aliye karibu nasi kwa nchi na kwa mateso ni kurudi kwenye desturi yenyewe ya kwanza.

Ombi langu kwa makatekista na makatibu wa halmashauri za parokia ni dogo na linatekelezeka. Kila kigango kiandike ukurasa mmoja: jina la kanisa, siku lilipotabarukiwa au kubarikiwa, nani alilipendekeza jina hilo, na kwa sababu gani. Wengi wa waliokuwapo vigango vyetu vilipofunguliwa ni wazee sasa, hasa kina mama waliobeba mchanga na maji ya ujenzi, nao ndio wanaokumbuka mabishano yaliyofanyika chini ya mti kabla jina halijakubaliwa. Waulizwe kabla ya sikukuu ya somo ijayo, maelezo yao yasomwe mbele ya waumini ili wenye kumbukumbu tofauti wasahihishe, kisha nakala moja ibaki katika daftari la kigango na nyingine ipelekwe ofisi ya parokia. Na ndugu wa madhehebu mengine, kama mtakubali, mfanye vivyo hivyo kwa makanisa yenu.

Asanteni kwa kunisikiliza.